Mshale wa mafuta haupimi ulaji wa gari

"Jana mshale ulikuwa nusu, leo uko robo, na sijafika hata kilomita sitini. Hii pikapu inakula mafuta, fundi, badilisha plagi." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila ninapoisikia najua kuna plagi nzima zinakwenda kutupwa. Mshale wa dashibodi hauwezi kukuambia gari linakula kiasi gani. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipungua boya linashuka, mkono unateleza juu ya ukanda wa ukinzani, na mshale unafuata. Kwa hiyo kinachopimwa ni kina cha mafuta, si lita. Tangi la pikapu limekunjwa kupisha chesi (fremu ya gari) na propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma), na sentimita tano za juu hazibebi lita sawa na sentimita tano za chini. Likijaa kabisa boya linagota juu, nawe unaweza kuchoma lita kadhaa mshale ukiwa haujatikisika. Kwenye gari la miaka ishirini ule ukanda nao umelika, ndiyo maana mshale unaganda kisha unaruka kutoka nusu hadi robo ghafla. Ukiegesha kwenye mwinamo, hesabu inabadilika tena. Huo ndio ushahidi ambao watu wanautumia kununua vipuri!

Kupima kwa hela nako hakufai. Bei ikibadilika, kipimo kimekufa.

Kipimo ni tangi hadi tangi. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, uachie hapo. Usikubali mhudumu aendelee kubonyezabonyeza hadi mafuta yaonekane shingoni: kiasi kinachoingia baada ya pampu kukata hakijirudii, kwa sababu kinategemea hewa iliyonaswa kwenye pembe za tangi na kasi ya kumimina. Rudisha tripu, kile kihesabu cha kilomita za safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri. Endesha unavyoendesha siku zote hadi tangi likaribie robo, kisha rudi kituo kilekile, pampu ileile, gari likielekea upande uleule, ujaze hadi ijikate. Lita zilizoingia sasa ndizo ulizotumia. Zidisha kwa 100, gawanya kwa kilomita, unapata lita kwa kila kilomita 100.

Hapo watu wengi wanasimama, na hapo ndipo wanapojidanganya. Tuseme pampu imekata lita moja na nusu mapema kuliko mara iliyopita. Kama umetia lita 20, kosa ni asilimia 7.5. Kama umetia 60, ni asilimia 2.5. Ukijumlisha matangi matatu mfululizo, lita 150 hivi, kosa linabaki asilimia 1, kwa sababu makosa ya katikati yanafutana na yanayobaki ni ya kujaza kwa kwanza na kwa mwisho tu. Kwa hiyo tangi moja halithibitishi kitu, na mwenye kudai dawa ya kumwaga tangini imempunguzia asilimia 5 kwa kutia lita 20 hajapima chochote.

Tena, ukijumlisha, jumlisha lita zote na kilomita zote. Usichukue wastani wa wastani. Kilomita 300 kwa lita 30 ni 10 kwa lita. Kilomita 300 kwa lita 50 ni 6 kwa lita. Wengi wataandika 8. Jibu ni kilomita 600 kwa lita 80, yaani 7.5. Hii pia ndiyo sababu napenda lita kwa kilomita 100 kuliko kilomita kwa lita. Kutoka 6 hadi 7 kwa lita kunakuokolea karibu lita 24 kila kilomita 1,000, wakati kutoka 10 hadi 11 kunakuokolea 9 tu, ingawa zote zinasikika kama "nimeongeza moja".

Sasa matairi. Pikapu nyingi kuukuu hazivai saizi ya kiwandani, na odometa, yaani kihesabu kilomita cha gari, haijui hilo. Ukitoa 235/75R15 ukaweka 265/75R15, kipenyo kinapanda kutoka milimita 734 hivi hadi 779, asilimia 6. Dashibodi ikisema 400, gari limekwenda karibu 424. Kwa lita 48 utaandika 12 kwa kilomita 100 wakati ukweli ni 11.3. Mwenye gari analalamika matairi makubwa yameongeza ulaji, na huenda kweli yameongeza, maana ni mazito na yanakamata upepo zaidi, lakini nusu ya lalamiko lake inaweza kuwa ya odometa. Linganisha tripu na GPS ya simu kwenye safari isiyopungua kilomita 30, upate kizidishio chako, ukiandike kwenye daftari la gari.

Hata baada ya yote haya siamini tofauti iliyo chini ya asilimia 3. Petroli inatanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Upepo, mzigo na foleni havifanani wiki hadi wiki. Na kuna jambo ambalo sina dawa nayo: dereva anayejua anapimwa anakanyaga taratibu. Sehemu ya faida inayosifiwa baada ya matengenezo ni mguu wake.

Ukishapata namba ya kuaminika, anza na vitu vinavyoburuta kabla hujagusa injini. Endesha kilomita kumi, simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Tairi moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo, breki inashika. Zuia matairi mengine, weka gia huru, shusha hendibreki, inua kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. La nyuma litakuwa zito kidogo kwa sababu linazungusha difu (gia za ekseli ya nyuma) na propela. La mbele linatakiwa kwenda kwa wepesi, na mkwaruzo mdogo tu wa pedi. Likikataa, legeza nipeli, ile skrubu ndogo ya breki ya kutolea upepo. Tairi likiachia papo hapo, presha ilikuwa imenaswa: mpira wa breki umevimba kwa ndani, au masta silinda hairudishi mafuta. Lisipoachia, tatizo liko kwenye pini au pistoni ya kaliper (kibano kinachokamatisha pedi). Watu wanabadilisha kaliper nzima wakati kibaya ni mpira.

Upepo wa matairi: kwa makadirio ya serikali ya Marekani, kila psi 1 (kipimo cha presha ya upepo) inayopungua kwenye matairi yote manne inakula asilimia 0.2 hivi. Fuata kibandiko cha mlangoni. Kama pikapu ni 4x4 yenye habu za mbele za kufunga kwa mkono, hakikisha ziko "free", yaani zimefunguliwa. Alaimenti, klachi inayoteleza na vyuma chakavu vya kilo 100 unavyozurura navyo nyuma, shughulikia bila mjadala.

Thamostati, vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto, inataka maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo inayotolewa makusudi. Injini ikichemka, inatolewa na kutupwa, na wote wanaridhika kwa kuwa mshale wa joto umeshuka. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Isipokuwepo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na barabara kuu injini haifikii joto lake. Kompyuta ya injini inasoma maji ya baridi, inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kuongeza mafuta safari nzima. Pima hivi: washa injini ikiwa ya baridi, shika mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni. Mpira huo unatakiwa kubaki baridi kwa dakika kadhaa kisha upate moto kwa mara moja. Ukipata uvuguvugu polepole kuanzia mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Rudisha mpya, na chanzo cha kuchemka kitafutwe kwenye rejeta iliyoziba, mfuniko usioshika presha au feni iliyochoka.

Injini ikiwa na joto sahihi na bado inakula, angalia sensa ya joto la maji ya kompyuta. Mara nyingi ni ile ya waya mbili; ya waya mmoja ni ya mshale. Nyingi husoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Baada yake ndiyo sensa ya oksijeni, plagi na taiming (wakati wa kuwasha mafuta). Kwa dizeli, moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua: chujio la hewa, nozeli, taiming ya pampu.

Kuhusu chujio la hewa, majaribio ya maabara ya Oak Ridge ya Marekani mwaka 2009 yalionyesha kwamba kwenye petroli ya kisasa yenye injekta, chujio lililoziba haliongezi ulaji kwa kiasi cha kujali. Linapunguza nguvu. Kwenye kabureta athari ipo, japo ndogo. Libadilishe kwa ajili ya kuilinda injini.

Mlango wa nyuma uache umefungwa. Ukifungwa, hewa inajizungusha ndani ya bodi na upepo mwingine unapita juu yake. Kuushusha kwa kawaida hakusaidii. Kasi ndiyo yenye uzito: kutoka 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa upepo unapanda asilimia 56.

Na mteremko? Kwenye injekta, ukiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta ukiwa kwenye gia, kompyuta hukata mafuta kabisa mradi mizunguko iko juu ya sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta). Ukiweka gia huru, injini inaanza kula ya sailensi. Kabureta nyingi hazina mkato huo, na hapo ndipo mazoea ya gia huru yalipozaliwa. Kuzima injini ukishuka usifanye kwenye gari lolote: baada ya kukanyaga mara mbili tatu msaada wa breki unaisha, na usukani wa pawa unakuwa mzito wakati huohuo.