Breki Inayolia Haitibiwi kwa Oili

Kila tunapokagua pikipiki, wakaguzi tunakutana na jibu lile lile. Dereva anaambiwa breki yake ya nyuma haishiki, naye anasema kwa kujiamini: "Ilikuwa inalia, afande. Fundi akaitia oili, ikatulia." Imetulia kweli, maana sasa inateleza tu.

Mlio ni mtetemo. Viatu, yaani vipande vinavyosugua ndani ya breki, vinapobana dramu, ile ngoma ya gurudumu, au pedi zinapobana diski, msuguano ukivurugika vyuma hutetemeka kwa kasi kubwa mno na sikio husikia mluzi. Kazi ya fundi ni kutafuta kilichovuruga msuguano huo. Mluzi wa asubuhi yenye umande, au wa baada ya mvua, hauna neno: ni kutu nyembamba, na ukishika breki mara chache inafutika. Pedi mpya nazo huweza kulia siku za mwanzo hadi zizoeane na diski.

Boxer na TVS nyingi za biashara zina breki ya dramu nyuma, na humo ndimo dawa za kienyeji zimezidi. Unga unaotoka kwenye viatu hukusanyika ndani kwa sababu hauna pa kutokea. Dereva anayeteremka mlima mguu ukiwa umelala kwenye pedeli naye huunguza uso wa viatu mpaka ukang'aa kama kioo. Vikiwa bado na unene wa kutosha, msasa unasaidia. Kemu, kile chuma kinachozunguka na kuvitanua viatu, ikikauka inahitaji grisi, na nasema grisi kidogo. Wako wanaoipaka kama siagi kwenye mkate. Breki ikipata joto, grisi inayeyuka na kuvifikia viatu. Kiatu kilichonyonya grisi au oili ni cha kubadilisha. Kukiosha kwa petroli hakukirudishii uzima, hata kama kwa macho kinaonekana safi.

Unga wa ndani ya dramu usipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Futa kwa kitambaa chenye maji. Viatu vingine, hasa vya zamani, vilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake linadhuru mapafu.

Kisha kuna ile nati ya nyuma ya kurekebishia breki. Pikipiki nyingi zina mshale kwenye mkono wa breki na alama kwenye mfuniko wa dramu: kanyaga pedeli, na mshale ukiifikia alama, viatu vimekwisha. Wengi wakiona pedeli inashuka sana hukaza nati, ikishuka tena wanakaza tena. Viatu vikiisha kabisa, kemu inaweza kupinduka na kulifunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo, abiria yuko nyuma. Hili tumelieleza mara nyingi mno, haifai tuendelee kuambiwa "sikujua".

Kwenye diski, mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake pedi zimekwisha na sasa unaila diski, ambayo bei yake si ya pedi. Mafuta ya breki yawe yale yaliyoandikwa juu ya kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini hufurisha raba za ndani.

Sasa upande wa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, hairuhusu chombo kibovu barabarani. Mlio peke yake si kosa, tofauti na maneno ya vijiweni. Breki isiyofanya kazi ndiyo kosa. Askari akijiridhisha ataandika notifikesheni, yaani karatasi ya faini. Tangu mwaka 2021 faini kwa pikipiki na bajaji ni shilingi 10,000 kwa kila kosa, si 30,000 kama ya gari. Nasisitiza kila kosa: breki mbovu na taa isiyowaka ni makosa mawili, kwa hiyo 20,000. Unalipa kwa namba ya kumbukumbu iliyo kwenye notifikesheni, kupitia simu, benki au wakala, na askari hapewi fedha mkononi. Kulipa hakuhalalishi kuendelea na safari. Chombo kinaweza kuzuiwa hadi kitengenezwe.

Deni hukaa kwenye namba ya usajili. Tajiri aliyeitoa pikipiki kwa mkataba na kutamka kwamba "breki ni juu ya dereva" atalikuta deni kwenye pikipiki yake mwenyewe. Ni vyema mkataba ueleze kwa maandishi nani ananunua viatu na pedi, na lini.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya maelekezo ya mtengenezaji. Vipimo vya pikipiki yako vimo kwenye kile kitabu kilichobaki dukani siku unanunua, kwa sababu hukukiulizia.