Mwezi Mwekundu Juu ya Goma Hautabiri Nyiragongo

Jioni ya Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, mwezi mpevu ulichomoza upande wa Rwanda jua lilipokuwa linazama. Saa kumi na mbili na dakika 27, kwa saa za Goma, ukingo wake wa chini ulianza kumegwa na giza. Kufika saa moja na nusu ulikuwa umefunikwa wote, na badala ya kupotea ukawa na rangi ya shaba. Ulikaa hivyo dakika 82. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi.

Goma ni mji unaoujua wekundu wa usiku. Tumezoea kutazama kaskazini na kuona mawingu juu ya volkano ya Nyiragongo yakiwaka kwa mwanga wa lava, na aliyekimbia mwaka 2002 au 2021 hahitaji kuelezwa wekundu huo unaweza kuleta nini. Kwa hiyo mwezi ukiwa mwekundu juu ya mji huu, swali linalokuja haraka ni hili: je, mlima unataka kutema tena? Mimi nafundisha fizikia ya dunia, na swali hilo nalipa uzito wake, maana wengi wanaoliuliza walipoteza nyumba, na wengine ndugu. Jibu ni hapana. Lakini hapana tupu haimtulizi mtu, kwa hiyo tuangalie kinachotokea huko juu.

Jua linamulika upande mmoja wa dunia, na upande wa pili dunia inatupa kivuli angani. Kivuli hicho kinakwenda kikipungua upana mpaka kinaishia umbali wa kilomita milioni 1.4 hivi. Mwezi uko karibu zaidi, wastani wa kilomita 384,000, na pale ulipo kivuli bado kina upana wa kilomita 9,000 hivi. Mwezi wenyewe una upana wa kilomita 3,474. Unaweza kuzama wote ndani na nafasi ikabaki. Tena unakwenda kasi ya kama kilomita moja kwa sekunde, ndiyo maana kuingia tu kunachukua saa nzima na jambo lote linakula sehemu kubwa ya jioni.

Mbona basi mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia. Mara nyingi mwezi mpevu unapita juu ya kivuli au chini yake, na sisi hatuoni kitu. Inabidi jua, dunia na mwezi vikae kwenye mstari mmoja kweli kweli. Wataalamu wa anga wanapiga hesabu ya siku hizo miaka mingi kabla, mpaka dakika. Hakuna mtu duniani anayeweza kupiga hesabu ya namna hiyo kwa volkano, na hilo peke yake linaonyesha kwamba mambo haya mawili hayafungwi kamba moja.

Tuje kwenye rangi, ambayo ndiyo inayowatisha watu. Dunia imezungukwa na hewa. Mwanga wa jua ukipita pembeni mwa dunia, hewa inaupinda kidogo na kuuingiza ndani ya kivuli. Njiani hewa inautawanya mwanga wa buluu, na mwekundu unaendelea. Ni mwanga ule ule unaouona jioni jua likizama nyuma ya milima ya Masisi. Mtu aliyesimama mwezini saa hiyo angeiona dunia nyeusi, imezungushiwa utepe mwembamba mwekundu. Ukiwa na darubini ndogo, chunguza pia ukingo wa kivuli wakati mwezi unaingia au unatoka: kuna mstari hafifu wa buluu. Huo ni mwanga uliopita juu zaidi, kwenye hewa yenye ozoni, ambayo inanyonya wekundu. Wengi hawaujui, nami kila mara nawahimiza watu wautafute.

Sasa, uhusiano kati ya volkano na mwezi uliopatwa upo, lakini unakwenda kinyume na watu wanavyofikiri. Mwezi hautangazi mlipuko. Mlipuko uliokwisha kutokea ndio unaoweza kubadilisha rangi ya mwezi. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha gesi nyingi ya salfa mpaka kwenye tabaka la juu la hewa, ambako mvua haifiki kuisafisha. Mwaka na nusu baadaye, usiku wa tarehe 9 Desemba 1992, mwezi ulipatwa ukawa mweusi sana, ukaonekana kwa shida. Mfaransa André Danjon alishaweka kipimo cha giza hilo: 0 ni mwezi usioonekana karibu kabisa, 4 ni mwezi wa shaba inayong'aa. Nyiragongo yetu haina kawaida ya kufanya kama Pinatubo. Lava yake ni nyepesi, inatiririka, na gesi yake kwa sehemu kubwa inabaki chini, kwenye hewa tunayovuta sisi na mashamba yetu.

Tarehe nazo zinasema. Nyiragongo ilipotema tarehe 10 Januari 1977, mwezi ulikuwa unapungua, siku kadhaa baada ya kuwa mpevu. Tarehe 17 Januari 2002 ulikuwa mwezi mwandamo wa siku nne. Tarehe 22 Mei 2021 ulikuwa bado unakua. Kweli, siku nne baadaye, tarehe 26 Mei, mwezi ulipatwa wote, na kesho yake watu wakaamriwa kuhama mji, barabara ya Sake ikajaa. Mtu akipanga siku hizo anaweza kuona kama ishara. Lakini mlima ulikuwa umekwisha kutema, na mwezi ulipatwa karibu saa saba na robo mchana kwa saa zetu, ukiwa chini ya upeo wa macho. Goma hakuna aliyeuona.

Mwezi unavuta ardhi, hilo si uongo. Mwamba tunaoukanyaga unapanda na kushuka kwa makumi ya sentimita kila siku, na zaidi kidogo mwezi ukiwa mpevu au mchanga. Mivutano hiyo ipo hata mwezi usipopatwa. Mlima unafuatiliwa kwa mitambo ya kupima mitetemo na gesi, kazi ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma. Mwaka 2021 dalili za mitetemo zilitangulia kwa muda usiofika saa moja, na naelewa kwa nini mtu aliyeachwa na onyo fupi hivyo anatafuta ishara angani. Vifaa na watu wa kuvisoma ndivyo tunavyopaswa kuvidai, kwa sauti kubwa.

Kutazama mwezi uliopatwa hakuhitaji miwani na hakumdhuru mtoto wala mama mjamzito. Hatari ya kwetu ni nyingine: mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na inayoweza kuua. Usiku upepo ukitulia, gesi hiyo inajikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa karibu na ziwa upande wa Bulengo na Mugunga. Msilaze watoto chini sehemu hizo. Tazameni kutoka mahali palipoinuka.

Kwa Goma, kupatwa kamili kunakofuata kule kwa Septemba 2025 ni jioni ya tarehe 31 Desemba 2028. Mwezi utachomoza karibu umefunikwa wote, anga bado lina mwanga, kwa hiyo msishangae msipouona mara moja. Subirini mpaka karibu saa moja, mtazame mashariki. Utaanza kutoka kivulini saa moja na dakika 28. Halafu kuna alfajiri ya tarehe 26 Juni 2029, kuanzia saa kumi na nusu, mwezi ukielekea kuzama magharibi, na usiku wa manane wa kuamkia tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Walimu, waambieni wanafunzi waandike saa na rangi waliyoiona, wakitumia namba za Danjon kuanzia 0 mpaka 4.