Eti kampuni za mitandao hazishtakiki, nani kasema?

Kila mada ya watoto kuumizwa na mitandao ya kijamii ikiibuka lazima atokee mtu aseme hizo kampuni huwezi kuzigusa, sheria inazilinda. Nusu yake ni kweli. Marekani kuna kifungu cha 230, cha mwaka 1996, kampuni haibebeshwi maneno ya mtu mwingine aliyeposti. Sawa, ila ni ya mtu MWINGINE, sasa kile ilichotengeneza yenyewe je?

Snapchat, ile app ya kutumiana picha na video, walikuwa na filta inayoonyesha spidi unayokwenda. 2017 huko Wisconsin vijana watatu wako kwenye gari, mmoja kafungua Snapchat ili arekodi spidi, gari likafika maili 123 kwa saa, muda mfupi baadaye likaacha njia likavaa mti, wakafa wote. Wazazi wakashtaki, na 2021 mahakama ya rufaa ikasema kifungu cha 230 hakiingii hapa kwa sababu hawa hawalalamikii posti ya mtu, wanalalamikia filta yenyewe ilivyoundwa. Haina maana walishinda siku hiyo, maana yake kesi haikutupwa mlangoni, na kwa kesi za aina hii hapo ndo pagumu. 2024 mahakama nyingine ya rufaa ikaenda mbali zaidi kwenye kesi ya TikTok, binti wa miaka 10 alikufa akiiga changamoto ya kujinyima pumzi, majaji wakasema mfumo unaomchagulia mtoto video na kumsogezea ni kauli ya kampuni yenyewe, kwa hiyo kifungu cha 230 hakiikingi hapo.

Halafu kuna hii ya kuruhusiwa kufungua akaunti ukiwa na miaka 13, watu wanadhani wataalamu walikaa wakapima wakaona ni umri salama. Wapi! Ni sheria ya data ya watoto ya Marekani, 1998, chini ya 13 huchukui taarifa za mtoto bila ruhusa ya mzazi. Usalama wa akili yake haukuwa hata kwenye hesabu. Sheria hiyo hiyo ndo iliwafanya Google na YouTube walipe dola milioni 170 mwaka 2019.

Na wanaosema Australia mzazi atapigwa faini mtoto wake akiwa na akaunti, hamna kitu kama hicho. Tangu 10 Desemba 2025 chini ya 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa, faini ni ya kampuni tu, hadi dola milioni 49.5 za kwao. Na kampuni haiwezi kujitetea kwamba mtoto kadanganya, ile ya kuzungusha mwaka wa kuzaliwa kwa kidole mpaka 1990 halafu unabonyeza endelea, peke yake haitoshi tena.