Je, wajua? Mwamba uliofungwa miezi mitatu hauzalishi pweza, unawanenepesha

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu la haraka kwa kila aliyeniuliza kwa nini vijiji kadhaa vya pwani hufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi miwili au mitatu, kisha siku ya kuufungua watu wakarudi na pweza wazito kuliko waliozoea kuwaona. Nilisema kwamba pweza wamepewa nafasi ya kuzaana. Jibu hilo lina mvuto wake, kwa kuwa linafanana na karibu kila tunachoambiwa kuhusu hifadhi: mwache kiumbe apumzike, ataongezeka. Kasoro yake ni kwamba halilingani na kalenda ya pweza mwenyewe.

Historia ya utaratibu huu ni fupi. Mnamo Novemba 2004 wavuvi wa kabila la Wavezo katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wakishirikiana na shirika la Blue Ventures la Uingereza, walifunga eneo la kuchokoa pweza kandokando ya kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Nosy Fasy. Majirani waliona kilichotokea, wakaiga, na leo utaratibu huo unafuatwa pia Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya Mauritius, Kisiwa Panza huko Pemba, na sehemu nyingine za pwani ya Tanzania na Kenya.

Turudi kwenye kalenda. Anayezungumziwa ni pweza ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, mkaa matunduni anayewinda mchana, na ambaye umri wake wote ni mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani. Akishataga hujifungia ndani ya tundu, huacha kula, huyapepea mayai yake kwa maji mapya usiku na mchana kwa takriban mwezi mmoja, na yakishaanguliwa hufa. Dume naye hadumu baada ya kupandana. Watoto, wadogo kuliko punje ya mchele, hawabaki mwambani hapo. Huchukuliwa na mkondo na kuelea baharini kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kutua mahali na kuanza maisha ya matunduni.

Sasa piga hesabu. Chukulia kwamba jike ametaga siku ileile mwamba ulipofungwa, bahati ambayo huwezi kuitegemea. Mwezi mmoja wa kuatamia, kisha mwezi mmoja au miwili ya kuelea, na siku ya kufungua imefika. Watoto wake ama bado wako mkondoni, ama wametua wakiwa wadogo kiasi cha kutotosha hata kuonjea mchuzi, na huenda wametua kwenye mwamba wa kijiji kingine kabisa. Kwa hiyo pweza wa kilo mbili anayening'inia kwenye mizani siku ya ufunguzi hakuzaliwa katika ile miezi mitatu. Alikuwamo tayari tunduni siku kamba na maboya vilipowekwa, au alihamia baadaye kutoka jirani. Isitoshe, utafiti uliofanywa Madagaska ulikuta kwamba nusu ya majike hukomaa wanapofikia takriban kilo 2.2, na wengi wanaochokolewa kwenye mwamba ambao haukufungwa hawajaukaribia uzito huo. Kwa maneno mengine, wengi wa wale niliodhani wanazaana walikuwa bado watoto.

Kinachofanyika ni sawa na banda la kuku wa nyama. Mfugaji akiwafungia vifaranga kwa wiki tano kisha akawatoa wamejaa mikononi, hakuna jirani atakayesema kwamba kuku wameangua bandani. Kila mtu anajua ni walewale, ila wamekula wakakua. Pweza mchanga naye hukua kwa kasi kubwa. Katika kipindi fulani cha ujana wake anaweza kukaribia kuongeza uzito wake maradufu kila mwezi, kwa kula kaa na kombe ambao maganda yao huyarundika mlangoni, na ndiyo alama inayomsaliti kwa mchokoaji mwenye jicho zuri. Tuseme kuna pweza kumi wa nusu kilo kila mmoja: jumla kilo 5. Waache miezi miwili, na tuseme samaki aitwaye mkunga na maadui wengine wamewala wanne. Sita waliobaki, wakiwa wamefikia kilo 1.8 kila mmoja, ni kilo 10.8. Idadi imepungua karibu nusu, uzito umezidi mara mbili, na mnunuzi hulipa kwa kilo. Takwimu hizi ni za mfano tu, lakini ndivyo hesabu inavyokwenda: faida hupatikana pale ambapo kasi ya kukua inazidi kasi ya kufa.

Hesabu hiyo ina mwisho wake. Ukiuacha mwamba umefungwa muda mrefu kupita kiasi, majike hukomaa, hujifungia na mayai, huacha kula, hukonda na kufa humo humo. Ni kama papai: kuna siku za kusubiri, na kuna siku ambapo kusubiri kunageuka kuwa kuoza.

Hapa linazuka swali ambalo mimi naliona tamu zaidi kuliko lile la kwanza. Ikiwa faida ni kubwa kiasi hicho, kwa nini mchokoaji asisubiri mwenyewe, bila kikao wala kamati ya wavuvi ya shehia? Jibu liko kwenye mwembe ulioota kando ya njia. Embe la mwembe huo haliivi mtini, si kwa sababu watoto hawajui kwamba bivu ni tamu zaidi, bali kwa sababu kila mtoto anajua kwamba akiliacha leo, kesho atakuta kikonyo. Pweza mdogo tunduni ni embe la njiani. Mwanamke anayemwona maji yakiwa yamepwa hachagui kati ya nusu kilo leo na kilo moja mwezi ujao. Anachagua kati ya nusu kilo leo na kumwachia anayefuata nyuma yake. Mwaka 1954 mwanauchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliandika hoja hiyo kwa lugha ya wanauchumi akiwazungumzia wavuvi wa samaki, na haijachuja. Kufunga mwamba hakumfanyi mtu kuwa na subira kuliko alivyokuwa. Kunamhakikishia kwamba subira yake haitaliwa na mwingine.

Subira nayo ina bei. Anayeishi kwa mikopo ya kausha damu anaijua vizuri: ikiwa mkopeshaji anatoza, tuseme, asilimia 30 kwa mwezi, basi kumwambia mtu asubiri miezi mitatu ni kumwomba aachie kitu kikubwa, na mwamba lazima ukue kwa kasi inayozidi riba hiyo ndipo kusubiri kuwe na maana kwake. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa mara 36 ambazo miamba ilifungwa kusini-magharibi mwa Madagaska, kwa takwimu za miaka minane, na ulipima jambo hilihili. Mara 27 kati ya 36 kufunga kulileta mapato zaidi ya yale ambayo yangepatikana kwa kuendelea kuchokoa, na faida ya wastani ilikuwa asilimia 57.7 kwa mwezi. Hata hivyo watafiti walipoilinganisha na haraka ya wavuvi wenyewe ya kuhitaji fedha, faida iliishinda haraka hiyo kati ya mara 17 na 27, kutegemea namna ya kukadiria. Pale palipotajwa wizi mwingi ndani ya eneo lililofungwa, matokeo yalikuwa mabaya.

Uchambuzi huo una jozi ya takwimu inayostahili kutazamwa kwa karibu. Katika siku 30 baada ya kufungua, jumla ya pweza waliopatikana ilipanda kwa asilimia 718, lakini pato la kila mchokoaji kwa siku lilipanda kwa asilimia 87 tu. Tofauti hiyo ni watu. Habari za ufunguzi husambaa, maji ya bamvua, yale yanayopwa kuliko siku nyingine, yakikauka mwamba unajaa miguu, na kile kilichokusanywa kwa miezi kadhaa hugawanywa kwa wengi. Mapato ya kijiji kutokana na pweza yalizidi maradufu katika siku hizo 30, na hilo si dogo, ingawa mtu mmoja mmoja huenda asiuone muujiza uliotangazwa. Tahadhari nyingine: miamba iliyofungwa ilikuwa takriban asilimia 20 ya eneo la uvuvi la kijiji, na mapato hayakushuka kwa kiwango cha kutajika wakati wa kufunga. Maana yake ni kwamba watu waliendelea kuchokoa kwingine, na inawezekana kabisa kwamba sehemu ya gharama ililipwa na miamba hiyo mingine.

Ndiyo maana sipendi tena kusikia pweza akitumiwa kama ushahidi kwamba uchumi na uhifadhi daima huvuta upande mmoja. Mwaka 1973 mwanahisabati Colin Clark, naye wa Kanada, alionyesha kwamba kiumbe anayeongezeka polepole, kama nyangumi wa buluu, anaweza kuangamizwa hata na mmiliki mmoja mwenye akili timamu na asiye na mshindani: ikiwa nyangumi huongezeka kwa asilimia chache kwa mwaka na benki inatoa zaidi ya hapo, hesabu kavu inamwambia awauze wote na aweke fedha benki. Pweza yuko upande wa pili wa mstari uleule: yeye hukua haraka kuliko riba ya benki. Samaki kama chewa, anayehitaji miaka kadhaa kukomaa, hanufaiki na miezi mitatu ya kufungwa kwa mwamba, hata kama anaishi mita moja kutoka kwa pweza aliyenufaika.

Kuhusu kuzaana, ambako ndiko nilikokosea, sina budi kuongeza jambo moja. Kufunga kunaweza kuwafikisha majike wachache kwenye utagaji, na mayai yao yakanufaisha miamba ya mbali, lakini ushahidi wa hilo ni mwembamba. Tatizo ni muda wenyewe. Jike wa nusu kilo akiachwa miezi miwili au mitatu, anafika karibu kabisa na zile kilo 2.2 za kukomaa, na hapo ndipo bamvua ya ufunguzi inapomkuta. Anachokolewa akiwa na thamani kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nayo sokoni, na wiki chache kabla ya kutaga.