Mgombea ubunge na ahadi ya lami

Kila uchaguzi unapokaribia, kuanzia Uyole mkoani Mbeya hadi Mafinga mkoani Iringa, mgombea ubunge husikika akiahidi kuweka lami na kushusha bei ya mbolea, na wapiga kura wengi huamini kwamba mbunge ana fungu la kufanyia hayo. Imani hiyo ni ya miaka mingi, lakini si sahihi.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, inalipatia Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, kutunga sheria na kupitisha mipango. Ujenzi wenyewe ni wa Serikali, kwa maana kwamba barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na zile za wilaya, zikiwemo njia za udongo anakopita mkulima wa viazi na magunia yake, ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 nayo ilitolewa na Serikali. Zaidi ya hayo, ibara ya 99 inamzuia mbunge kupeleka hoja ya kuongeza kodi bila pendekezo la Rais kuwasilishwa na waziri. Upo Mfuko wa Jimbo, ndiyo, lakini ni wa kuchochea miradi midogo.

Kwa hiyo mgombea aulizwe, tena kwa heshima, atapinga bajeti ipi, atadai marekebisho ya sheria gani, na atambana waziri yupi kuhusu mbolea inayochelewa wakati mvua za Novemba zimeshaanza.