Kukandwa kwa Mama Anayenyonyesha: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mkoani Mwanza, mwanamke aliyejifungua kwa kawaida hakosi mtu wa kumkanda. Katika nyumba nyingi za Igoma, Buhongwa na Nyakato, mama yake au mama mkwe hubandika sufuria la maji asubuhi na jioni kwa ajili ya mzazi, na wenye uwezo siku hizi huenda katika vyumba vya masaji vya mjini kuchuliwa mgongo kwa mafuta. Anayenyonyesha huinama kwa saa nyingi mchana na usiku, shingo na mabega yakakakamaa. Na yule anayerudi mapema kubeba dagaa kule soko la samaki la Mwaloni Kirumba huongeza mzigo juu ya uchovu. Mikono ya mtu anayejua kukanda ni faraja ya kweli kwake. Yanayomdhuru ni maneno na mazoea yanayoambatana na kukandwa huko, na baadhi yake yanapaswa kukanushwa waziwazi.

"Ukikandwa, sumu za mwili huingia kwenye maziwa"

Mama huambiwa akae nusu siku bila kunyonyesha, au akamue maziwa ya kwanza na kuyamwaga, eti kwa sababu uchafu uliokuwa umelala kwenye misuli umeshukia titini. Hakuna ukweli wowote hapo. Maziwa hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo vya titi kutokana na maji, sukari, protini na mafuta yanayochukuliwa kutoka kwenye damu, na kazi ya kuondoa taka za mwili hufanywa na ini na figo muda wote, mama awe amekandwa au hajakandwa. Wapo pia wanaosema kwamba maziwa huchachuka mama akipigwa na joto la maji au jua. Lakini maziwa yaliyo ndani ya titi hukaa katika joto lilelile la mwili na hayachachuki. Mtoto anaweza kunyonya mara tu mama anapoinuka kwenye mkeka, na hata kabla hajainuka.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu gharama yake humwangukia mtoto. Katika saa hizo za kusubiri hupewa maji ya glukosi au uji mwepesi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunayajua vizuri magonjwa ya kuhara, na tunajua maji yasiyochemshwa humfanya nini mtoto mchanga. Kama maziwa yatachuruzika wakati mama anachuliwa, hiyo si dalili ya madhara: mwili uliotulia huachilia homoni ya oksitosini, ambayo husukuma maziwa nje. Taulo moja linatosha.

"Masaji huongeza maziwa"

Dhana hii ina nusu ya ukweli. Oksitosini husaidia maziwa kushuka, kwa hiyo mama aliyejaa wasiwasi anaweza kuona yanatoka kwa wepesi zaidi baada ya kuchuliwa mgongo. Hata hivyo, wingi wa maziwa hutegemea jinsi titi linavyotolewa maziwa mara kwa mara, na mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Ikiwa anashika chuchu peke yake badala ya kufungua mdomo wazi na kuingiza sehemu kubwa ya eneo jeusi linaloizunguka, hakuna mkono wa mchuaji utakaoziba pengo hilo, na ni heri nauli ya kwenda kwenye masaji itumike kumfikia muuguzi wa zahanati.

"Titi lililovimba lazima likamuliwe kwa nguvu na maji ya moto"

Hapa ndipo nimeona akina mama wakiumizwa na watu wanaowapenda. Siku chache baada ya kujifungua matiti hujaa, yakawa magumu na yenye maumivu. Kitambaa huchovywa kwenye maji yanayotoa mvuke, uvimbe ukasagwa kwa kiganja, na wengine hupitisha hata chanuo, huku mzazi akiambiwa avumilie mpaka "bonge liyeyuke". Kwa miaka mingi hata wataalamu walielekeza kusugua uvimbe huo. Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji ulibadilisha ushauri huo: kinachobana njia za maziwa mara nyingi si bonge lililokwama, bali ni tishu zilizovimba na kujaa majimaji, na kuzikandamiza huumiza mishipa midogo na kuongeza uvimbe.

Kinachofaa ni mtoto aendelee kunyonya kama kawaida, kitambaa chenye maji baridi kiwekwe juu ya titi, na mkono upite juu ya ngozi kwa wepesi uleule wa kumpaka mtoto mafuta, ukielekea kwapani. Kama titi limekaza kiasi kwamba mtoto hawezi kulishika, mama akamue kidogo tu kwa mkono ili lilainike. Homa ikipanda, au wekundu na maumivu yakizidi siku moja, aende kituo cha afya bila kuacha kunyonyesha, kwani maziwa ya titi hilo hayamdhuru mtoto. Jipu likishatunga, huhitaji daktari alitoe usaha, halikamuliwi nyumbani.

"Maji ya moto tumboni hutoa damu chafu"

Damu inayotoka baada ya kujifungua hupungua yenyewe kwa wiki 4 hadi 6, kadiri mji wa mimba unavyosinyaa, na mtoto anaponyonya huharakisha kusinyaa huko. Ndiyo maana tumbo hunyonga wakati wa kunyonyesha. Maji ya kuchoma huleta malengelenge tu. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo hata kidogo mpaka mshono upone na mhudumu wa afya amruhusu. Damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au majimaji yenye harufu mbaya pamoja na homa, ni safari ya hospitali mara moja.

Kuhusu mafuta, ya nazi, ya alizeti au samli inayotumiwa katika familia za wafugaji hayana tatizo, ila dawa za kuchua zenye kafuri au mnanaa mkali zisipakwe kifuani ambako mtoto huweka pua yake.

"Mguu uliovimba uchuliwe mpaka upungue"

Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya kujifungua ni jambo la kawaida. Mguu mmoja unaovimba, ukawa wa moto na kuuma nyuma chini ya goti, usiguswe. Wiki 6 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa baada ya upasuaji, na kuuchua mguu huo kunaweza kulibandua bonge la damu likaenda kuziba mishipa ya mapafu. Mama aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, asikandwe usiku kucha akitumaini kuamka na nafuu. Afike hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, kwa kuwa akihitaji rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza, bado kuna ziwa la kuvuka.