Mafia sio Zanzibar, na jina halijatoka Italia

Wakuu, hapa Moshi kazi yetu tunaijua, mgeni akishashuka mlima anataka bahari, na jibu letu wengi ni moja tu, Zanzibar. Sasa akitokea mmoja akauliza visiwa vya Mafia ndo utasikia mambo. Juzi kijiweni karibu na stendi dereva mmoja kamwambia mgeni wake kabisa eti Mafia ni sehemu ya Zanzibar na jina walileta Wataliano. Kwao mama yangu ni Utende, hukohuko Mafia, iliniuma kwa kweli.

Tuanze na hilo jina. Neno la genge la Sicily limeanza kusikika Italia miaka ya 1860. Mreno Duarte Barbosa mwanzoni mwa miaka ya 1500 alishaandika visiwa vitatu vya pwani yetu, Mafia, Zanzibar na Pemba, sasa hesabu mwenyewe nani kamtangulia mwenzake kwa miaka 300 na zaidi. Asili ya jina wazee wanaieleza kwa njia mbili, wapo wanaosema ni "mahali pa afya" likafupishwa, na wapo wanaolitoa kwenye Kiarabu kwa maana ya kundi la visiwa. Hii ya pili mimi ndo inaniingia zaidi, maana Mafia kweli ni kundi.

Na hapo ndo watu wengi wanapotea, wanadhani ni kisiwa kimoja. Kuna kile kikubwa, halafu Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu, na vingine vidogo kama Nyororo na Mbarakuni. Bwejuu hiyo muwe makini nayo sana jamani, kuna Bwejuu kijiji kule Unguja karibu na Paje na kuna Bwejuu kisiwa cha Mafia, mgeni akikwambia kabuki Bwejuu muulize ipi kabla hujampangia usafiri.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni Chole. Ukikitazama leo ni kidogo, unavuka na boti kutoka Utende dakika chache tu, mtu anadhani siku zote kilikuwa kijiji cha pembeni. Hapana, zamani mji ndo ulikuwa pale, wakakiita Chole Mjini, na kile kisiwa kikubwa ndo kikaitwa Chole Shamba! Yaani kikubwa kilikuwa shamba la kidogo. Wajerumani nao walikaa Chole, magofu yao yapo, mpaka 1913 wakahamia Kilindoni, kwenye kile kisiwa kikubwa, kwa sababu ya kina cha maji, na jina lenyewe linakwambia, kilindi ni maji marefu, Kilindoni ni hapo penye kilindi, sawa na Kilindini ya Mombasa.

Zanzibar je? Mafia ilikuwa chini ya Sultani kweli, ila 1890 ikaenda kwa Wajerumani pamoja na pwani ya bara, Waingereza wakaiteka Januari 1915, na 1922 ikaingia Tanganyika. Leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mbele ya delta ya Rufiji.

Halafu kuna hii ya kusema ni hifadhi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kama Kilimanjaro, kwa hiyo haina watu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, kilomita za mraba 822, na iko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, sio TANAPA. Watu wamo ndani, Chole, Juani, Jibondo, wanavua, wanalima, wanaunda majahazi, ila kuna kanda ambazo kuvua hairuhusiwi kabisa. Na papa potwe (whale shark) ambaye kila mgeni anamtaka, kuanzia Oktoba mpaka Machi anaonekana zaidi mbele ya Kilindoni upande wa magharibi, nje ya mpaka wa hifadhi, kwa hiyo usimpeleke mtu Chole ukamwahidi potwe.

Usafiri hamna haja ya kupitia Unguja, ni ndege ndogo toka Dar au unashuka kwa barabara mpaka Nyamisati, pwani ya bara, unapanda boti hadi Kilindoni. Kutoka Chole kwenda Juani, maji yakitoka unavuka kwa miguu, sasa uliza wenyeji saa ya maji kujaa kabla hujaanza kutembea.